Vumbi Halifunguzi

Kifua cha wifi yangu kilianza kupiga mluzi katika sijda. Ilikuwa sala ya Adhuhuri, Ramadhani ikiwa changa, kwenye banda letu la makuti pembeni mwa shimo la mawe. Mashine ilikuwa imezimwa, na mashine ile ikizimwa masikio hubaki yakivuma kwa muda, halafu ndipo unaposikia kuku, watoto wa mbali, na mtu anayejikohoza. Tulikuwa tumeinama sote, vipaji vya nyuso juu ya majamvi, nikasikia sauti nyembamba ikipanda na kushuka. Nilidhani ni upepo kwenye makuti. Siku ile hapakuwa na upepo. Badala ya kusabihi nikawa nasikiliza, Mungu anisamehe, na ile sauti ilikuwa inatoka kwa aliyesujudu ubavuni mwangu.

Niliogopa mpaka nikasahau nimefika rakaa ya ngapi.

Mimi ni mwoga, ninajulikana kwa hilo, wala sioni haya. Waliosema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio walikuwa wananisemea mimi. Naogopa nyoka, naogopa sindano, naogopa simu inayolia kabla ya alfajiri. Lakini hofu hizo zina mwisho: nyoka anapita, sindano inachomolewa. Ile ya sijda iliniingia ikakaa, kwa sababu nilijua kile kifua kinavuta nini kila siku, na nilijua kwamba na mimi kazi yangu ipo pale pale, karibu naye.

Wifi yangu ni dada wa mume wangu, mkubwa wetu kwa miaka mingi, mjane asiye na mtoto. Yeye ndiye aliyenipeleka shimoni mwaka ule nilioolewa. Alinitazama mikono akasema, "Mikono hino ya kuchambulia karafuu tu. Njoo nkufunze kazi." Nilichukia, nikaenda, nikajifunza. Ulimi wake ulikuwa mashuhuri kuanzia kwetu mpaka njia panda ya Ole. Akikutukana hakuchagulii neno moja; anakushonea kanzu nzima, kola mpaka upindo, na ukishamaliza kulia anakuletea sahani ya muhogo wa nazi kama hapajakuwa na kitu. Nilimwogopa na nikampenda, na mpaka leo sijui kipi kilitangulia.

Zamani tulivunja kwa mikono. Unakaa juu ya kigoda, unaliweka jiwe juu ya jiwe, unalizungushia pete ya mpira wa baiskeli ili vipande visikurukie machoni, unapiga nyundo mpaka ndoo ijae. Vumbi lilikuwapo, lakini lilianguka mapajani, ukajikung'uta ukaenda zako. Halafu ikaletwa mashine. Aliyeileta si mgeni, ni mtu wa hapa hapa, watoto wake wanasoma skuli moja na wangu, na siku ya kwanza ilisomwa dua tukapewa halua. Mashine ilikula mawe kwa juu, ikatema kokoto upande mmoja, na pande zote zilizobaki ikatema unga. Unga mweupe, laini, unaokaa hewani. Jioni tulikuwa na kope nyeupe na nyusi nyeupe, tukawa tunachekana njiani. "Bibi harusi kapakwa liwa huyo, mpisheni!" Ndivyo tulivyokuwa tukisema, na tukiona ni jambo la kuchekesha kweli.

Wifi alichukua nafasi ya mdomoni. Mdomoni ni pale juu ya jukwaa la mbao, unaposimama kuilisha mashine mawe kwa mkono, na unga unakufukia uso mzima. Hakupangwa na mtu. Alipanda mwenyewe, na hapana aliyethubutu kumwambia ashuke. Kinga yetu ilikuwa kanga: unaikunja, unaifunga kuanzia puani, unabaki macho. Tulijiona tumejihifadhi. Jioni naikung'uta kanga ile mlangoni kwangu, naingia nayo ndani, na mwanangu wa mwisho akilala ndiyo namfunikia, kwa kuwa udogoni alikuwa halali bila kusikia harufu yangu. Wahenga waliosema kikulacho ki nguoni mwako walikuwa wanasema watu, lakini nikiikumbuka kanga ile mwili unanisisimka.

Mwezi wa Shaabani akaja bibi afya kutoka wilayani. Alikuwa mwembamba, kavaa viatu vya wazi vilivyojaa vumbi letu kabla hajafika bandani, na hakuja na maneno mengi. Alimwomba wifi ashuke jukwaani afungue kanga usoni. Wifi akaifungua kwa maringo, kama mtu anayeonesha hina. Chini ya kanga, kuzunguka tundu za pua na pembe za mdomo, palikuwa peupe vile vile kama palipokuwa wazi. Hatukucheka.

Kisha akatuingiza bandani akatuonesha mwale wa jua uliopenya kwenye tundu la makuti. Ndani ya mwale vumbi lilikuwa linacheza, dogo mno, halishuki. "Lile mnalojikung'uta mapajani halina neno," akasema. "Linalofika ndani ya mapafu ni hili. Na kwa hili, mama zangu, kanga ni jarife mnalovulia dagaa."

Tulimwelewa mara moja, maana jarife ni wavu wa papa, na dagaa hupita kwenye matundu yake wakiimba. Akasema dawa ni maji. Jiwe lilowanishwe kabla halijaingia mashineni, na pale mdomoni maji yawe yanamwagika muda wote wa kazi, kwani vumbi lililolowa haliruki. Tukae upande unaotokea upepo. Tusifagie pakavu. Nguo za shimoni tusirudi nazo nyumbani kwa watoto. Angeleta barakoa za kuchujia, zile nzito. Na anayekohoa asingoje Idi wala mavuno, aende hospitali.

Mwenye mashine alinuna. Kokoto mbichi zinaganda kwenye chekecheke, alisema, na kazi inalala. Lakini wilaya ni wilaya. Akavuta mpira kutoka kwenye tangi, akautoboa vitundu, akaufunga juu ya mdomo wa mashine, maji yakawa yanadondoka kama mvua ya rasharasha. Nilipumzika moyo siku zile. Mashine ilitema tope badala ya unga. Nilirudi nyumbani na matope mpaka magotini, mume wangu akanicheka, na mimi nilikuwa nayapenda matope yale kuliko manukato. Barakoa zilikuja chache, zikachakaa, tukarudi kwenye kanga, tukawa tunazilowesha, lakini maji yalikuwapo.

Halafu ukaandama mwezi, na pakafanyika kosa ambalo sidhani kama lingefanywa na watu wengine wowote duniani isipokuwa siye.

Siku ya kwanza ya kufunga wifi alipanda jukwaani, maji yakamrukia usoni kama siku zote, akashuka mbio huku anatema. "Fungeni maji! Mtanfunguza!"

Mpira ukafungwa. Akatusimamisha pale pale akatusomesha, kwani alikaa chuoni sana utotoni na darsa za Ramadhani hakosi hata moja. Maji yakikupita kooni swaumu huna, akasema. Hata katika udhu, mwenye kufunga anakatazwa kupandisha maji puani kwa kupita kiasi. Lakini vumbi! Vumbi la njiani, na unga wa mwenye kuchunga, havifunguzi. Imo vitabuni, Shehe huisema kila mwaka. "Basi chagueni wenyewe," akamalizia, "maji yanayofunguza au vumbi lisilofunguza."

Wanawake wakaitikia. Na msije mkawadhania ni wajinga. Ni watu wanaoogopa kumkosea Mungu kuliko wanavyoogopa kufa, na wifi aliwapangia hoja iliyonyooka, isiyokuwa na ufa. Hata kanga wakaacha kuzilowesha, wasije wakafyonza unyevu. Mwenye mashine aliuacha mpira umefungwa. Nadhani moyoni alifurahi, maana Ramadhani ndipo kila mtu anapotaka sakafu yake iishe kabla ya Idi, na kokoto zetu zilikuwa zinakwenda mpaka bandarini Mkoani.

Mimi nilisema. Nilisema kwa hasira, na hasira huniharibia maneno. "Haya, halifunguzi. Tumboni haliingii. Basi linakwenda wapi, wifi? Liko wapi?"

"Liko kwa Mola wako. Weye huna dini, una woga."

Wakacheka wote, wakarudi kazini, na mashine ikaanza kutema unga mkavu juu ya midomo iliyokauka kwa saumu. Mtu aliyefunga hana hata mate ya kumezea. Nililiona vumbi likimwingia na nikajua kwamba safari hii hapana wa kulizuia, kwa sababu limepewa ruhusa.

Ndipo wiki ile ikaja sijda na ule mluzi.

Tulipotoa salamu nikamwuliza kwa kumnong'oneza, "Mna nini kifuani mwako?"

"Mna paka, kalala. Mwache alale."

Tangu hapo sikuwa na raha. Nikawa nampeleleza. Akiteka maji kisimani alikuwa anasimama na mkono ukingoni, anajifanya anatazama kitu shambani, na shambani hapakuwa na kitu. Wakati wa futari alikunywa uji funda moja, akaweka kikombe, akangoja, akakichukua tena. Mtu aliyekuwa akigombana na watu ndoo ikiwa kichwani, sasa anaitua kwanza. Alikunywa kombe la aya za Kurani, akala asali na habasoda, akajifukiza majani mpaka nyumba nzima ikanuka dawa, na nilipomtajia hospitali alinijibu, "La kuvunda halina ubani, wifi. Na nkenda huko wakasema ni lile gonjwa, n'takula na nani?"

Lile gonjwa ni kifua kikuu, na kwetu halitajwi kwa jina. Ukikohoa mwezi mzima watu hawakuulizi hali, wanaanza kukutengea kikombe. Nilielewa anachokiogopa. Lakini mimi nilikuwa na woga wangu. Asubuhi moja nilitema mate nyuma ya jiko nikaona ni ya kijivu, yana chembechembe. Nikayafukia kwa mguu upesi sana, kama vile nikiyafukia hayatokuwa yametoka kwangu. Mchana nikawa siwezi kuvuta pumzi bila kujisikiliza, na mtu akijisikiliza sana hata pumzi njema anaiona mbovu.

Nikamwambia mume wangu. Akamwendea dada yake, akarudi ameshatukanwa. Nikaona haliishi kwa upole. Nikaenda mwenyewe, nikamkuta uani anachambua mchele, na mwanangu wa mwisho amemlalia mapajani, maana mtoto yule siku nyingi alikuwa halali kwetu, analala kwake.

"Wifi," nikasema, "kama ni lile gonjwa, unampa huyu."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Nilijua nimempiga pabaya, na nilikusudia. Alimtazama mtoto, akamtazama kwa muda mrefu, akamwondoa kichwa taratibu akakilaza mkekani. Kisha akasogea, akakaa mbali naye.

"Kesho asubuhi," akasema. "Na nguo yangu njema ntavaa. Wasinione mkosefu."

Hospitali walimchukua makohozi, kisha wakamwingiza kupigwa picha ya kifua. Nilibaki benchi nje ya mlango nikisikia sauti ya mpigapicha: "Vuta pumzi. Izuie." Kimya. "Bado, mama, izuie kidogo." Halafu kikohozi. Halafu tena, "Vuta pumzi." Wifi yangu, ambaye sijapata kumwona akishindwa na jambo, alikuwa anashindwa kuizuia pumzi yake mwenyewe. Nilikuwa nikisoma Yasini moyoni na nikawa naruka aya, narudi, naruka tena. Bibi mmoja wa pembeni yangu akaniuliza kama nimeletwa mimi.

Tulirudi siku iliyofuata kwa majibu. Daktari alikuwa msichana mdogo, mpole, anayetuamkia kwanza kabla ya kusema. Akasema si kifua kikuu. Wifi akanigeukia uso umemkunjuka, akasema, "Umeona? Mwanao atalala kwangu leo." Nikataka kumkumbatia. Lakini daktari alikuwa hajamaliza, na nilimwona anatafuta pa kuanzia.

Mapafu, akasema, yanatakiwa yawe laini, yanayotanuka na kurudi. Ya wifi yameanza kukakamaa. Vumbi la mawe limeingia miaka na miaka, mwili ukashindwa kulitoa, ukalifanyia makovu. Dawa ya kuondoa makovu yale hakuna. Ziko za kumpunguzia shida. Akiacha vumbi leo, huenda yakasimama yalipo, au yakenda polepole. Akirudi kwenye vumbi, yataendelea. Hakusema yataendelea mpaka wapi. Aliinamisha kichwa akaandika dawa.

Wifi aliuliza swali moja tu. "Maji yangelilizuia?"

"Yangelizuia sana, mama. Ugonjwa huu tiba hauna, lakini kinga unayo."

Hakunena tena mpaka nyumbani. Sijapata kuogopa kimya kama kile. Garini alikuwa ameshika mkoba wake mapajani kwa mikono miwili, anatazama mbele, na mimi nilikuwa najua anachokihesabu: siku zile kavu, na nani aliyezileta. Nilitamani anitukane. Nilitafuta hata la kumchokoza, sikulipata.

Na mimi, kabla hatujatoka hospitali, daktari aliniuliza nafanya kazi gani, akanipeleka kupigwa picha vile vile. Akasema pako safi, kwa sasa. Watu huniambia nishukuru, na ninashukuru, lakini yale maneno mawili ya mwisho ndiyo niliyorudi nayo.

Alasiri ile sikwenda shimoni, nilikwenda kwa Shehe. Nilimkuta barazani kwake anafuta miwani. Nikamtolea salamu, akaitikia, akaniuliza kwema, binti yangu? Nikamwambia si kwema, kuna neno lako moja linatuua. Sikusema kwa adabu. Nilikuwa nimejaa, na yaliyojaa yakamwagika: mashine, mpira wa maji, vumbi lisilofunguza, makovu. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikata. Kisha akaniomba nianze tena, polepole, kwa sababu nilikuwa nalia.

"Neno ni la kweli," akasema, "na nimelisema miaka yote. Lakini nalikuwa nikimwambia mpita njia, na bibi anayechunga unga wa mkate. Vumbi limesamehewa kwa kuwa mja hana pa kukimbilia. Nyiye mna pa kukimbilia, mna maji, mkayafunga. Na tone likikurukia bila ya kutaka kwako, nalo limesamehewa. Kwani hilo hamkuuliza?"

Hatukuuliza. Kila mmoja alikuwa na hakika.

Kesho yake baada ya Adhuhuri alikuja mwenyewe, akasimama nje ya banda, sisi tumekaa ndani. Wifi hakuwapo. Shehe hakumtaja. Akasema, "Nalisema halifunguzi. Sijasema halidhuru. Mwili ni amana, na mtaulizwa juu yake. Fungueni maji yenu. Na aliye mgonjwa ana ruhusa ya kula, asijifanye anampenda Mungu kuliko alivyotakiwa." Mwenye mashine alikuwa amesimama karibu na tangi. Hakungoja kuambiwa, aliufungua mpira mwenyewe. Sijui alifanya hivyo kwa kumwogopa Mungu, au Shehe, au wilaya. Maji yakadondoka. Mwanamke aliyepanda mdomoni alifumba macho na midomo, akapigwa na rasharasha, akashuka mzima na saumu yake.

Tukaweka gunia bandani la nguo za kazi. Bibi afya akaleta barakoa nyengine, tukazivaa na kuchekana tena, safari hii kwa sura za nguruwe. Kanga yangu ya shimoni ikabaki shimoni. Jioni narudi nimevaa nguo safi, mtoto ananirukia, na bado nikawa nasita kidogo kabla ya kumpokea.

Nilidhani lililobaki ni la dawa na mapumziko. Wifi alikaa nyumbani, akala kwa sababu aliruhusiwa, akanywa dawa zake. Tulimpelekea futari kila siku, na kila siku alikula kidogo kuliko jana. Nilidhani ni ugonjwa. Kumbe alikuwa anaona aibu ya kulishwa.

Asubuhi moja Idi imekaribia, tunangoja mashine iwashwe, nikamwona anakuja kwa njia ya mikarafuu. Kigoda mkononi. Barakoa puani, sijui aliipata kwa nani. Wanawake wakapiga vigelegele. "Kaja! Kaja mwenyewe!" Wengine wakasogea wampishe njia ya jukwaa.

"Maji si yapo?" akasema. "Basi woga wa nini? Miye siwezi kukaa ndani nkitazama ukuta, nkila cha watu."

Nilimtazama kila mmoja nikitegemea kuna atakayemzuia, mwenye mashine, mkubwa yeyote, na nikaona hapana. Wote walimpenda, na wote walimwogopa. Mimi nilikuwa naogopa zaidi yao, ila nilikuwa naogopa kitu chengine. Nikaenda nikasimama mbele yake, nikamnyang'anya kigoda.

"Rudi nyumbani, wifi."

"Nipishe."

"Sikupishi. Daktari kakukataza vumbi. Maji yanalipunguza, hayalimalizi, na wewe hata la kijiko hulihimili tena."

"Nipe kigoda changu."

"Sikupi."

Akaivuta barakoa ikamshuka kidevuni. Nikaona lile tusi linakuja, nililijua tangu lilipoinuka mabegani mwake, na nikasimama imara kulipokea. "We mwana wa kuletwa!" akaanza, na sauti ilikuwa ile ile yake ya zamani. "Ulikuja kwetu na mkeka mmoja na sufuria bovu, nduguyangu akakusitiri, miye nkakufunza kazi, na leo weye ndo unanfukuza miye kwenye shimo la... la..."

Akasimama hapo. Mdomo ulikuwa wazi, mkono umeshika kifua, na hewa ilikuwa haiingii. Akajaribu tena, "la," pakatoka mluzi. Mashine ilikuwa bado haijawashwa. Wanawake wote walikuwa wanangoja mwisho wa lile tusi, kwani hawajapata kulisikia tusi lake likikatika. Halikuja. Alinitazama, na machoni mwake niliuona woga. Niliutambua, maana nimeishi nao. Kwake sikuwahi kuuona.

Nikamshika mkono. Hakuuondoa. Tukageuka.

Tulikwenda polepole, tukipumzika kila penye kivuli, kigoda nimekibeba mimi. Penye mkarafuu mkubwa alisimama, akavuta hewa, akasema, "Shimo la babu zangu." Nikangoja. Tukenda mpaka kisimani, akashika ukingo, akasema, "Huna haya." Tukapita nyumba za watu, wakatuamkia, nikaitikia mimi kwa ajili ya wote wawili. Tulipofika mlangoni kwake akakaa kizingitini, akatulia mpaka mabega yakaacha kupanda na kushuka. Kisha akaniinulia uso.

"Hayawani mkubwa weye," akasema, na hapo ndipo lilipokwisha.

"Ahsante, wifi," nikamjibu.

Lilikuwa tusi fupi. Zamani angelinitupia hilo na mengine kumi kabla sijafumba macho. Siku ile lilimchukua njia nzima, kutoka shimoni mpaka nyumbani kwake.